Kifaranga Akitulia Hajafa Bado: Kuwaua Vifaranga wa Samaki wa Maabara Bila Kuwatesa

Habari zenu watazamaji. Leo tunafanya kazi ambayo hakuna anayeigombania maabara, na ndiyo maana mara nyingi anaachiwa mgeni: kuwaua vifaranga wa samaki jaribio likiisha. Nitatumia samaki pundamilia, Danio rerio, wale wadogo wenye mistari ambao asili yao ni Asia Kusini. Maabara nyingi za vinasaba duniani zinawafuga hawa.

Kabla hujagusa maji, chukua fomu yako ya kibali. Njia utakayotumia lazima iwe ndiyo iliyoidhinishwa na kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi yako. Halafu tazama lebo ya tangi: wana siku ngapi tangu mayai yaliporutubishwa? Usikisie kwa macho, maana kila kitu tutakachofanya leo kinategemea umri huo.

Sasa, kwa nini umri? Samaki mkubwa anapumua kwa matamvua. Ukimtia dawa ya ganzi hadi matamvua yasimame, anakosa oksijeni na kufa. Kifaranga wa wiki ya kwanza au ya pili bado anavuta oksijeni kupitia ngozi. Dawa itamlaza, hatatikisika hata ukimgusa, na moyo utaendelea kudunda. Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwalaza vifaranga kwa dawa, nikaona wametulia, nikawamwaga kwenye chombo cha taka chenye maji. Baada ya chai nikakuta wawili wanaogelea.

Kwa hiyo kwa vifaranga tunakwenda hatua mbili: kwanza tunamwondolea fahamu, kisha tunahakikisha harudi.

Tuandae barafu. Iwe imepondwa, si mabonge. Sehemu 5 za barafu kwa sehemu 1 ya maji, na maji hayo yatoke kwenye mfumo wanamoishi. Tumbukiza kipimajoto, kisha subiri. Tunataka nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Hapa kwangu inasoma 6, kwa hiyo naongeza barafu. Msione nachelewesha video, hapa ndipo watu wanapoharibu. Samaki huyu amezoea nyuzi 28. Akiingia ghafla kwenye baridi kali anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Ukimpoza polepole, unamtesa.

Angalia pia kichujio hiki cha wavu laini nilichokizamisha katikati. Kazi yake ni kuzuia samaki asigusane na barafu yenyewe, kwa sababu barafu inaunguza ngozi. Sasa wahamishe wote kwa mkupuo mmoja, na maji kidogo sana. Ukimimina kikombe kizima cha maji yao ya uvuguvugu, umepandisha joto la beseni na kazi imerudi nyuma.

Wameingia. Bonyeza saa. Wenye siku 4 hadi 7 wakae dakika 20, zisipungue. Kwa samaki mkubwa tungehesabu dakika 10 baada ya matamvua kusimama kabisa. Wa siku 8 hadi 14 ndio wakaidi: wapo waliotolewa kwenye barafu baada ya dakika 20, wakarudishwa kwenye maji ya uvuguvugu, wakazinduka. Usiwaamini hata kidogo bila hatua ya pili.

Tukiwa tunasubiri, neno kwa wafugaji wa samaki wengine. Barafu ni ya samaki wadogo wa maji ya joto, wasiozidi sentimita 3.8. Trauti wa mito ya Mlima Kenya amezaliwa kwenye baridi. Barafu kwake ni mateso marefu. Huyo mtumie trikaini, dawa ya ganzi ya samaki inayoyeyushwa majini, miligramu 250 hadi 500 kwa lita. Trikaini ikiyeyuka inageuka asidi na kuwasha, kwa hiyo irekebishe kwa sodiamu baikaboneti hadi pH ya 7.0 hadi 7.5. Pima, usikadirie kwa macho. Trikaini inafaa pia kwa pundamilia, ila kwa vifaranga peke yake haitoshi, kwa sababu ile ya ngozi.

Dakika 20 zimetimia. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha. Hatua ya pili ni dawa ya klorini ya kufulia. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 6.15, changanya sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Jik ya madukani kwetu mara nyingi ni dhaifu zaidi, kwa hiyo soma lebo na upunguze maji. Isikutane na asidi wala amonia. Wazamishe dakika 5 au zaidi. Klorini peke yake, bila barafu kwanza, ni kwa mayai na viinitete vya siku 3 kushuka chini tu. Kumtia humo kifaranga mwenye fahamu ni ukatili, na Ulaya sheria ya 2010 inamlinda tangu anapoanza kujilisha, yaani takriban siku ya 5.

Kama unahitaji mwili kwa uchunguzi na klorini itauharibu, acha klorini, waweke wachache chini ya darubini. Mwili wao ni kama kioo, moyo unauona. Ukidunda, hata mara moja, rudi kwenye barafu, kisha umalizie kwa njia nyingine iliyoidhinishwa kwenye kibali chako.

Mizoga iende kwenye mfuko wa kuchomwa, isipite kwenye sinki, hasa kama samaki wamebadilishwa vinasaba. Mwisho fungua daftari: tarehe, tangi, umri, idadi, joto la barafu ulipoanza, dakika, na sahihi yako.