Nani kamtuma shujaa? Sitiari za kurasa za michezo, toka Bayi mpaka goli la Mama

Haya jamani, asanteni kwa kuja, ntajitahidi nisiwachoshe. Leo naongelea sitiari, yaani maneno ya kufananisha kitu na kingine, kwenye kurasa za michezo, zile tunazokimbilia tukishika gazeti huku tunasema siasa hatuzitaki. Siasa ziko humo humo, tena zimejificha vizuri kuliko ukurasa wa mbele, maana ukisoma mkimbiaji "amepeperusha bendera" hubishi, nani atabishana na bendera?

Tuanze na Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Jamaa kachomoka mbele toka mwanzo, hajasubiri mtu, kamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker mwenyeji kaja nyuma yake kwa 3:32.52, na hata huo muda ungetosha kuvunja rekodi ya zamani. Sasa kumbukeni nchi ilikuwa inaongea vipi. Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lina miaka saba, Uhuru ni gazeti la TANU, chama tawala, Daily News la serikali, na lugha ya kila siku ni vita: maadui ni ujinga, maradhi na umaskini, mnyonyaji ni kupe, ana mirija. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ina makao Dar, wapigania uhuru wa Msumbiji unapishana nao mtaani. Kwa hiyo mwanariadha akiitwa mpambanaji, sitiari hiyo inakaa ukurasa wa jirani na vita yenyewe, halafu Bayi alikuwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, kweli!

Na askari hutumwa. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu mwingine, alishalisema hilo baada ya Olimpiki ya Mexico 1968, goti limeumia, kamaliza marathoni wa mwisho watu wengi wameshaondoka uwanjani, akasema nchi yake haikumtuma akaanze mbio, ilimtuma akamalize. Naipenda sana kauli ile. Ila mtumaji hapo ni nchi, na anayekutuma anaweza pia kukuita urudi.

Ndo kilichotokea 1976. Timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand isifungiwe Olimpiki, Tanzania ikakataa kwenda Olimpiki ya Montreal na nchi zaidi ya ishirini zikafanya hivyo hivyo. Bayi na Walker, mbio ambayo dunia nzima ilikuwa inaisubiri, haikukimbiwa, na Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Mi naona uamuzi ulikuwa sahihi, wala sizunguki. Ila lugha ya jeshi ina neno la kujitoa mhanga, haina pa kuweka medali ya mtu mmoja iliyoyeyuka, kijana akiwa kwenye ubora wake. Wakenya wana Henry Rono, 1978 kavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na hajakimbia Olimpiki hata moja kwa sababu Kenya iligoma 1976 na 1980 pia. Bayi angalau alifika Moscow 1980, fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, na mpaka baada ya Paris 2024 medali zetu za Olimpiki ni hizo hizo mbili.

Sasa rukeni mpaka 2023. Simba na Yanga wako mashindano ya CAF, ya klabu za Afrika, Rais Samia, anayeitwa Mama, anaahidi milioni 5 kwa kila goli, baadaye dau linapanda, na magazeti yanaandika "goli la Mama". Angalieni kilichobadilika hapo. Hakuna tena jeshi wala kutumwa, ni familia, Mama ananunua, mtoto anafunga, halafu mtoto anashukuru, na shukrani nayo inakuwa habari siku ya pili. Azimio halimo kabisa, kuna soko na kuna mzazi mkarimu. Na utamu wake ni huu: fainali ya Yanga na USM Alger ya Algeria, mechi mbili, magoli mawili ya Yanga wamefunga Fiston Mayele na Djuma Shabani, wote Wakongo! Ile lugha ya 1974 ingepata shida nao, mpambanaji wa taifa lazima awe wa taifa. Familia haina shida hiyo, mtoto wa kulea naye mtoto, kwa hiyo sitiari imekunja kona bila mtu kushtuka. Ila mzazi hakosolewi hadharani, na hapo ndo siasa yenyewe ilipo: mwandishi akiuliza hela ya magoli inatoka fungu gani anaonekana hana adabu, wakati ni swali la kawaida kabisa la bajeti.

Septemba 2025 Alphonce Simbu katupa dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia, marathoni ya Tokyo, kamshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03. Naye ni askari wa JWTZ. Kusanyeni magazeti ya wiki ile, mwangalie wapi kaandikwa askari, wapi mtoto wa Mama, na wapi kaachiwa kuongea mwenyewe aya mbili mfululizo. Haya, maswali, kuna mkono pale nyuma.