Macho Yakigeuka Njano, Hesabu Siku

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya wa jamii, walimu na wazazi, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za tangu asubuhi. Msimu wa korosho umefunguka, najua kila mmoja ana gunia lake linalomngoja ghalani, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mtu kachanjwa, kisha macho yamekuwa ya njano. Kila ninapokwenda, Nanyamba, Mikindani, Tandahimba, swali ni hilo hilo: ni chanjo au si chanjo? Nimelijibu mpaka sauti imekauka. Na mimi kila mara nawarudishia langu: siku ngapi? Tangu sindano iingie begani mpaka mkojo ubadilike rangi, zimepita siku ngapi? Hujui? Basi bado hatujaanza kuzungumza.

Nitawaeleza ya mvuvi mmoja. Wengine mmeshaisikia, ivumilieni.

Ilikuwa 2021, chanjo ya UVIKO-19 ndiyo kwanza imefika. Kijana huyu aliletwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake ili asianguke. Nikamvuta kope la chini. Jicho lilikuwa rangi ya bizari. Mkojo wake walikuja nao kwenye chupa ya maji, mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Kaka mtu hakunisalimu. Alisema, "Daktari, mmemchoma nini ndugu yangu?"

Muuguzi wetu mmoja, binti mzuri tu, akarukia: "Chanjo haina shida!" Nikamwambia, mwanangu, nyamaza kwanza. Wewe umejuaje? Umempima? Umemuuliza? Yule kaka hakuja kubishana, alikuja na mgonjwa.

Tukaomba kadi. Alichanjwa Jumatano. Macho yaligeuka Jumapili. Siku nne. Nikamuuliza, baada ya sindano ulijisikiaje? Homa, mwili kuuma, kichwa. Ukanywa nini? "Dawa tu." Jamani, hiyo "dawa tu" imenitesa miaka yote ya kazi yangu! Nikamtuma kaka arudi nyumbani, aangalie chini ya mto, juu ya kabati, mfukoni mwa suruali, alete kila karatasi ya vidonge atakayoiona, hata kama ni tupu.

Akarudi na kifuko. Tukavimwaga mezani. Karatasi tatu za parasetamoli, kila moja vidonge kumi, zote tupu. Karatasi moja ya dawa ya mafua. Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya nyuma: ndani ya dawa ile ya mafua mna parasetamoli tena. Mkewe akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hakula chochote tangu Alhamisi, na jioni shemeji zake walimletea nipa, pombe kali ya kienyeji, ili atoke jasho.

Hesabuni nami. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, yaani gramu 4. Kijana alimaliza 30 kwa muda usiofika siku tatu, achilia mbali vile vya mafua. Ini linapoivunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba yake ya kuizima sumu hiyo. Njaa hupunguza akiba. Pombe inaongeza mzigo. Akiba ikiisha, sumu inakula chembe za ini lenyewe. Na kalenda yake inajulikana: siku ya kwanza mtu anatapika au hasikii kitu, ya pili na ya tatu ini linaumia, ya tatu na ya nne macho yanageuka.

Alipelekwa hospitali siku ile ile, akawekewa dripu ya asetilsisteini, ambayo ndiyo dawa ya sumu hiyo na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Yeye alichelewa mno, lakini Mungu alimpa nafasi. Leo yuko baharini.

Sasa angalieni kilichotaka kutokea. Kaka angerudi kijijini na neno moja, "chanjo imemla ini", na kijiji kizima kisingechanjwa. Na muuguzi wetu angemrudisha mgonjwa nyumbani kwa kuwa "chanjo haina shida", na yule kijana angekufa. Wote wawili walijibu kabla ya kuhesabu.

Kuna mtu hapo kati anatikisa kichwa. Anasema moyoni, huyu kaja kuitetea chanjo. Hapana! Ngoja.

Mwaka huo huo nilionana na mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo. Yeye macho yaligeuka takribani wiki mbili baada ya dozi ya pili. Pombe hanywi. Mizizi hajanywa. Parasetamoli alikunywa vidonge viwili tu. Vipimo vya virusi vya homa ya ini vikatoka safi. Lakini alikokwenda kwanza, kituo ambacho sitakitaja, aliambiwa "haihusiani", na hakuna aliyeandika hata mstari. Mpaka leo nikilikumbuka nakereka. Kwa sababu jambo lile lipo, na limeandikwa duniani: baada ya chanjo za UVIKO, watu wachache sana kinga yao ya mwili iliamka ikalishambulia ini lao wenyewe. Madaktari walikusanya wagonjwa 87 kutoka nchi 18. Wengi wao walikuwa wanawake, na kwa kawaida dalili zilianza siku kama 15 baada ya sindano. Wengi walitibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, za jamii ya prednisoloni, wakapona; mmoja ini lake lilikufa akapandikizwa jingine. Hao 87 ni wale waliokusanywa tu, lakini waliochanjwa ni mamilioni na mamilioni. Ni nadra, lakini nadra si sifuri, na mwalimu yule alistahili kuandikwa kwenye fomu ya madhara baada ya chanjo na taarifa yake kufika kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri, na kutoka hapo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

"Lakini daktari, ukisema hadharani utawatisha watu." Naambiwa hivyo kila mwaka. Mimi naona kinyume chake. Kinachowatisha watu wa Kusini ni kufichwa. Watu hawa wamezoea kuahidiwa na kufichwa, wananusa uongo kutoka mbali. Mwambie mama ukweli na kiasi chake, atakuelewa.

Na kuhesabu siku si jambo nililobuni mimi. Huko Bremen, Ujerumani, 1883, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa ndui. Wiki na miezi ikapita, 191 wakapata manjano. Daktari wao hakupiga kelele wala hakukanusha. Alilinganisha. Wale walioajiriwa baadaye, ambao hawakuchanjwa kwa dawa ile, wanakula na kufanya kazi pale pale, hawakuugua. Majimaji yaliyotumika kuwachanja yalitoka kwa binadamu, na leo tunajua yalibeba virusi vya homa ya ini. Mwaka 1942 manjano hayo yakarudi kwa askari wa Marekani: chanjo ya homa ya manjano ilikuwa imechanganywa na maji ya damu ya watu, na karibu askari 50,000 wakalazwa. Miezi miwili, mitatu, minne baada ya sindano! Ni kalenda hiyo ndiyo iliyomfichua mkosaji, kwa sababu homa ya ini B hukaa kimya mwilini kati ya siku 30 na 180. Wakaondoa maji ya damu, tatizo likaisha. Bila kuhesabu wangeondoa chanjo yenyewe.

Hapo lugha yetu inatuponza kidogo. Manjano ni dalili, macho na ngozi. Homa ya manjano ni ugonjwa wake, unaletwa na mbu. Homa ya ini ni nyingine, ni ini lenyewe kuvimba. Mkiandika "manjano" kwenye daftari msiandike "homa ya manjano", mnavuruga kila kitu huko mbele. Chanjo ya homa ya manjano yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa nadra sana, hasa kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, kirusi hicho huzaliana mpaka kwenye ini ndani ya siku 10 za mwanzo. Hilo liliandikwa 2001. Kwa hiyo mzee anayechomwa kwa ajili ya safari aulizwe umri na magonjwa yake kwanza, asipangwe tu foleni.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi, na mizizi ya kusafisha ini ambayo baadhi inaliua ini lenyewe. Itabidi tukutane tena. Lakini la watoto siwezi kuliacha. Penta, ile chanjo ya watoto ya wiki 6, 10 na 14, ndani yake mna kinga ya homa ya ini B. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikashuka. Mtoto akipata homa baada ya penta, parasetamoli ya maji mpe kwa kipimo cha uzito wake, siyo kwa kijiko cha chai cha jikoni, na usiichanganye na dawa ya mafua.

Mgonjwa wa manjano akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana kutwa au kutoka damu kwenye fizi, hapo usihesabu chochote, tafuta gari usiku huo huo.

Mama wa kitenge cha bluu pale nyuma, umeinua mkono tangu mwanzo na kadi unayo. Njoo nayo hapa mbele, tuisome tarehe pamoja.