Mshauri wa Kitaaluma Hangoji Hodi
Mhadhara kwa wahadhiri wapya, Mtwara

Mkuu wa Idara, wahadhiri wenzangu, na ninyi wahadhiri wasaidizi mlioripoti mwezi huu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo haimo kwenye ratiba ya vipindi wala haina posho. Kila mmoja wenu atakabidhiwa orodha ya wanafunzi wa kuwashauri kitaaluma. Wengi huibandika mlangoni, wakaandika na saa za kuonana, kisha wakakaa kusubiri. Hodi haipigwi. Muhula unakwisha, na mshauri anaripoti kwenye kikao kwamba wanafunzi wake hawana matatizo.

Wanayo. Ila mwenye tatizo ndiye wa mwisho kuja. Anayekuja wiki ya tatu na daftari lake la maswali, mara nyingi B+ anayo tayari. Yule aliyekosa majaribio mawili anakukwepa koridoni. "Shikamoo Sir" yake unaisikia akiwa ameshakupita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe hapa chuoni mnakijua kinavyoitwa: disko, yaani kuondolewa masomoni. Kwa hiyo mimi nasema mshauri ndiye amtafute mwanafunzi, tena amtafute kwa kufuata kalenda.

Almanaka ya chuo mnayo. Kwenye vyuo vyetu vingi alama za majaribio na kazi za semina ni 40, mtihani wa mwisho 60. Maana yake, majibu ya jaribio la kwanza yakitoka, bado kuna muda wa kuokoa jambo. Waombe wenzako alama za wanafunzi wa orodha yako wiki hiyohiyo. Ukingoja matokeo ya muhula hutakuwa unashauri, utakuwa unatoa pole.

Kazi hii ina historia yake. Huko Marekani, vyuo vilipoanza kuwaachia wanafunzi wachague kozi badala ya wote kusoma mkondo mmoja, ilibidi awepo mtu wa kuwasaidia kuchagua. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliweka washauri mwaka 1877, na Harvard ikaunda bodi ya washauri wa mwaka wa kwanza mwaka 1889. Mwaka 1972 mtaalamu wa elimu ya juu, Burns Crookston, akatenganisha ushauri wa maagizo, ambao mmoja anasema na mwingine anatekeleza, na ule wa kumkuza mwanafunzi, ambao wawili wanafikiri pamoja. Namuunga mkono. Lakini ni vigumu kufikiri pamoja na mtu ambaye hajasajiliwa kwa sababu ya ada.

Hapo ndipo inapokuja kalenda ya pili, ya korosho. Wengi wa wanafunzi wetu wanatoka Newala, Tandahimba, Masasi, wengine Ruangwa na Nachingwea. Masomo yanaanza Oktoba au Novemba, wakati mzee nyumbani ndiyo kwanza anaokota. Korosho zinapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinangoja mnada. Zikishauzwa, fedha zinapitia kwenye vyama kabla ya kuingia kwenye akaunti ya mkulima. Baba ana mali, stakabadhi ya AMCOS anayo mfukoni, ila hela hana. Kwa wiki hizo mtoto wake anaitwa mdaiwa sugu. Hajasajiliwa, kwa hiyo jina halimo kwenye mfumo, kwa hiyo alama za jaribio hazina pa kuingizwa. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, nalo si la kila mtu, na aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo huenda hakupewa ada yote.

Mwanafunzi huyo hahitaji nasaha juu ya bidii. Anahitaji mtu wa kwenda naye kwa mhasibu kuomba alipe kwa awamu, amsaidie kuandika barua yenye tarehe zinazowezekana, na amwambie asiache kuingia darasani eti kwa kuwa jina halijatokea. Nusu saa inatosha. Nimeona vijana wakirudi kijijini "kusubiri mnada" na kupoteza mwaka mzima, kumbe barua ya ukurasa mmoja ingetosha.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa washauri wengi wanababaisha. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kusoma. Anakuja binti wa mwaka wa tatu: "Madam, nina GPA ya 3.3, nataka nitoke na Upper Second." Usimjibu "utaweza tu, mwanangu, Mungu ni mwema." Vuta karatasi. GPA ni wastani wa pointi zake, na Upper Second, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. Zidisha 3.5 kwa 360, unapata 1,260. Alichokusanya ni 3.3 mara krediti 240 za miaka miwili, yaani 792. Zimebaki pointi 468 za kutafuta kwenye krediti 120. Gawanya: 3.9. Mpe kalamu agawanye mwenyewe. B+ ni pointi 4 na A ni 5, kwa hiyo anahitaji B+ karibu kila kozi, na B moja ikiingia, A iifidie. Ni kazi, lakini inafanyika. Akija mwenzake mwenye 2.8, karatasi hiyohiyo itadai 4.9, A tupu karibu mwaka mzima. Huyo mwambie ukweli, kisha mzungumze kuhusu mazoezi ya kufundisha, mradi wake wa utafiti, na atakachoweza kukionesha kwa mwajiri mbali na cheti. Hesabu hii ina faida kubwa zaidi kwa mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa kwanza hawaulizi. Waiteni.

Kuna jambo moja sitalizungusha. Mwanafunzi akikueleza kwamba mwalimu fulani anamtaka kimapenzi ndipo ampe alama, hapo ushauri wa kitaaluma umefika mwisho. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usimwambie avumilie, usiende kumsuluhisha na mwenzako wakinywa chai. Msindikize kwa mshauri wa wanafunzi (Dean of Students) au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kama mwenyewe yuko tayari, na usimtaje jina koridoni. Wewe pia, ukikaa na mwanafunzi ofisini, mlango uache wazi.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, ni mazuri kwa matangazo. Alama za mtu usiziweke humo.

Orodha zenu ziko kwa katibu wa idara. Kabla ya Ijumaa kila mmoja apige simu kwa majina matano ya mwanzo na kuuliza mambo mawili tu: umesajiliwa, na jaribio la kwanza umefanya? Majibu yaandikeni, tutayapitia kwenye kikao cha idara. Maswali sasa, tuanze na wa nyuma pale.