Punda wa Amu kwa uzi wa velveti, tunaanzia puani

Assalamu aleikum, hamjambo nyote, karibuni barazani kwetu hapa Amu, yaani Lamu. Leo nimekaa nje manake ndani mwanga hautoshi kuwaonyesha huu uzi, na hata hapa nje mtaona hauonyeshi kitu, ndio tabia yake. Mkisikia mtu anaita simile, simile, mjue punda anapita na mimi itabidi nikunje miguu, hiki kichochoro ni chembamba na yeye ndiye mwenye njia.

Na ndiye tunayemfuma leo, punda. Mdogo, urefu wake kama shubiri, anasimama kwa miguu minne, pua nyeupe, masikio marefu, na mwisho tutamvika shogi lake mgongoni, ile mifuko miwili ya kubebea mizigo.

Uzi ni huu wa velveti, bibi yangu anauita mahameli na sioni kama amekosea. Kijivu boli moja la gramu 100 latosha na utabaki mwingine, nyeupe kidogo, nyeusi kidogo. Hapa madukani sijaupata, mimi naagiza Mombasa, unapanda basi mpaka Mokowe halafu unaingia boti, kwa hivyo ukiagiza agiza wote kwa pamoja, manake boli la pili laweza kuja na kijivu chengine kabisa ukapata punda kichwa chake na mwili wake si ndugu. Kulabu yangu ni ya milimita 5, uzi wako ukiwa mwembamba shika ya 4. Ya alumini au plastiki, ile ya chuma na hii hewa ya chumvi itakushikia kutu na kutu ikiingia kwa uzi mweupe hapo ndio basi. Halafu uwe na mkasi, sindano ya tundu kubwa, uzi wa cherehani wa kijivu, macho mawili ya plastiki yale ya kubana kwa nyuma, na pini za mtandio. Pini ziwe nyingi, utanishukuru.

Cha kujazia ni ile pamba ya poliesta, hata ya mto mzee ukiifua ukaianika na kuichambua vizuri. Sufi msitie, ikifuliwa inashikana mabonge.

Sasa kabla hatujaanza, huu uzi. Hebu nisogeze simu karibu. Mwaona, katikati kuna kijiuzi chembamba sana kama cha cherehani, haya manyoya yote yameshikwa na hicho tu. Ukivuta kwa nguvu kinakatika. Ukifumua ufume tena mara tatu nne manyoya yanang'oka unabaki na kitu kama mkia wa panya. Na mashimo ya mishono huyaoni, yamefunikwa. Mimi mara ya kwanza nilikaa siku mbili natoa macho chini ya taa, nahesabu, nakosea, nafumua, mpaka nikausukuma chini ya kitanda. Halafu usiku mmoja stima ikapotea na joto lile hakuna kulala, nikauchukua tu kujishughulisha, gizani, nikafuma raundi nne bila kukosea hata moja. Kumbe nilikuwa nautazama, na huu uzi hautazamwi, unapapaswa. Juu ya kila mshono kuna kitu kigumu kidogo, ukipitisha kidole gumba utakihisi kimelala kama punje ya mchele. Punje moja mshono mmoja. Basi ukisikia nasema hesabu, usihesabu kwa macho, hesabu kwa gumba.

Haya, kichwa. Tunaanza na nyeupe, puani.

Wanaofuma hivi vidoli, Wajapani wanaviita amigurumi, wengi huanza na ile pete ya kuvuta ikafunga. Kwa velveti mimi siifanyi, ukivuta pete ndipo kijiuzi kinapokatika. Fuma cheni 2, halafu rudi kwenye ile cheni ya kwanza uingize mishono 6 humo humo. Mshono wetu ni ule mfupi wa kawaida, unaingiza kulabu, unavuta uzi unakuwa na vitanzi viwili, unazungusha uzi unavipitisha vyote viwili. Katikati patabaki katundu, kaache, tutakaziba baadaye na uzi wa cherehani. Raundi ya kwanza hiyo, 6. Choma pini ya mtandio kwenye mshono wa mwisho na kila raundi ikiisha ihamishe, hatufungi raundi, tunazunguka tu kama ngazi ya mnara.

Raundi ya 2 ongeza kila mahali, yaani mishono miwili kwa kila punje, utapata 12. Ya 3, mmoja halafu ongeza, mmoja halafu ongeza, zinakuwa 18. Ya 4 na ya 5 fuma 18 bila kuongeza. Mshono wa mwisho kabisa wa raundi ya 5 usiumalize na nyeupe, ukibakisha vile vitanzi viwili achia nyeupe ushike kijivu uvipitishe nacho, ndio rangi inabadilika safi bila kuacha kidoa. Fungeni mikia ya uzi kwa ndani fundo mbili.

Raundi ya 6 kijivu, 18. Ya 7, miwili halafu ongeza, mara 6, zinakuwa 24. Ya 8, 9 na 10 ni 24 tupu, hapa unaweza kuzungumza na mtu.

Sasa simama, macho. Yanaingia kati ya raundi ya 7 na ya 8, na baina yao kwa juu uache mishono 8. Mimi wa kwanza nilimwekea karibu karibu nikaona amependeza, nikampelekea bibi akamgeuza akamgeuza akaniambia, punda gani huyu, mato yako mbele kama paka. Na ni kweli, mtazameni punda akisimama mbele yenu, macho yake yako ubavuni, ndio maana hata ukija kwa ubavu anakuona. Kwa hivyo 8, zisipungue. Bana kile kiduara cha nyuma mpaka usikie kinalia. Lakini kama kidoli ni cha mtoto chini ya miaka 3 macho ya plastiki usiweke kabisa, shona kwa uzi mweusi, mtoto hutia kila kitu mdomoni na jicho likitoka litamkaba.

Raundi ya 11 tunapunguza, miwili kawaida halafu punguza, mara 6, inarudi 18. Kupunguza ni kuingiza kulabu kwa punje mbili zilizofuatana ukazifunga pamoja. Kwa uzi wa pamba kuna ufundi wake wa kuficha, hapa usijisumbue, manyoya yanaficha kila kitu, hata dhambi. Ya 12, mmoja na punguza, 12. Jaza pamba sasa, anza na pua usukume na nyuma ya kulabu, lakini usimshindilie, velveti inatanuka na ukizidisha mashimo yanafunguka pamba inachungulia. Ukikibonyeza kwa kidole kibonyee halafu kirudi. Raundi ya 13 punguza mara 6, zibaki 6, kata uzi uache mkia. Hizo 6 zifunge kwa sindano na uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, pitia zote, vuta. Huo utavutika, hautakukatikia.

Mwili ni rahisi zaidi. Kijivu, 6, kisha 12, kisha 18, kisha 24 ambayo ni miwili na ongeza. Halafu raundi ya 5 mpaka ya 11 zote 24. Ya 12 punguza uwe 18, ya 13 uwe 12, jaza, ya 14 uwe 6, funga. Unapata kama yai kubwa limelala.

Miguu minne. Mtachoka, nawaambia mapema. Anza nyeusi, mishono 6, raundi ya 2 fuma miwili halafu ongeza, mara 2, unapata 8, ya 3 bado nyeusi 8, hapo kwato tayari. Geuza kijivu, ya 4 mpaka ya 7 zote 8. Jaza miguu kwa nguvu kuliko kichwa, hii ndiyo itabeba. Acha mdomo wa juu wazi.

Masikio mawili, hayajazwi. Kijivu 6, raundi ya 2 tena 6, ya 3 mmoja na ongeza mara 3, 9. Ya 4, 5 na 6 zote 9. Ya 7 mmoja na punguza mara 3, 6. Libane liwe bapa. Ukiona ni refu kupita kiasi basi umepatia.

Simile? Ngoja apite.

Haya kapita. Kushona sasa, na hapa wengi ndipo mnapoharibu. Msishonee velveti kwa velveti, shoneni kwa uzi wa cherehani mara mbili, unazama ndani ya manyoya hauonekani na hauachii. Kwanza panga kila kitu kwa pini, tazama, halafu shona. Kichwa kinakaa kwa mbele juu, ule upande wa raundi ya 11 na 12 ndio unaolalia mwili, pua imeinama chini kidogo. Shingo hatuna, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Miguu, iweke kama miguu ya kitanda, mbali mbali. Kichwa ni kizito, kwa hivyo ya mbele isogeze mbele mpaka iwe chini ya kichwa, vinginevyo kila ukimsimamisha ataanguka kifudifudi. Wa kwanza wangu mguu mmoja nilishona umepinda nikaambiwa mpeleke hospitali ya punda, na si mzaha, hapa Amu ipo kweli, tangu 1987, punda wanatibiwa bure, ila mimi nilimtibu mwenyewe kwa mkasi.

Masikio, raundi ya 9 na 10, juu, yakitazama mbele na nje kidogo. Yakilala nyuma anakuwa na hasira. Manyoya ya shingo kata nyuzi nyeusi fupi fupi, pitisha kila mmoja na kulabu ufunge fundo, kuanzia baina ya masikio kushuka. Mkia ni cheni 8 nyeusi na nyuzi tatu za kuning'inia mwisho. Ncha za velveti zikikatwa zinapukutika, fundo ndio dawa yake, wengine wanachoma kwa kiberiti, msichome, hii ni poliesta, inayeyuka inakuwa tone gumu jeusi na vidole vyako pia vimo.

Halafu mchukue nyeusi kidogo, au uzi wa kudarizi, mshonee mstari kutoka shingoni mpaka mkiani na mwengine ukate mabegani. Wengi wa hawa wa kijivu wanao, mtazame ukipita pale kwenye gati wakingoja mizigo. Huo mstari ndio unaomtoa kwenye kidoli unamtia kwenye punda, bila huo nimeulizwa kama ni sungura.

Shogi nalifuma kwa uzi wa pamba wa kahawia na kulabu ndogo, 3.5, raha ilioje kuona mishono tena. Cheni 9, rudi, mishono 8, mistari 28 kwenda na kurudi. Kunja mistari 6 kila upande iwe mfuko, shona pembeni. Mlalie mgongoni upime, ukiona mifuko inagusa chini punguza mistari miwili.

Akichafuka mfue kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, mkamue ndani ya taulo bila kumsokota, mwanike kivulini. Pasi asiione.

Huyu hapa. Mtoto wa dadangu amemngoja tangu asubuhi, anataka wa kushindana wakati wa Maulidi kama wale wakubwa wanaokimbizana ufukoni, na keshaniambia mmoja hashindani peke yake kwa hivyo najua nina kazi ya wiki ijayo. Sasa anamtia vizibo vya soda kwenye shogi, kushoto vitatu, kulia vitatu. Ngojeni. Cha nne. Bado amesimama. Kulia pia, usimuegemeze upande mmoja... amesimama! Ya mbele niliwaambia isogezwe mbele.

Simile hiyo tena, na huyu ana mawe, jamani nikunje miguu.