Kipimo Kikisoma Sifuri

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Najua mada ya leo, hangova, yaani maumivu ya asubuhi baada ya kulewa, inachekesha, na wapo waliokuja kutafuta dawa. Dawa sina. Nina habari za utafiti, na baadhi yake si za kuchekesha.

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu anapanda kitandani saa sita usiku akiwa na asilimia 0.15 ya pombe katika damu. Hapo amelewa hasa. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa takriban asilimia 0.015 kwa saa, na kahawa haiuharakishi, wala kuoga maji ya baridi. Kwa hiyo damu yake itakauka pombe saa nne asubuhi. Sasa angalieni ajabu yake: pombe inapokaribia kwisha ndipo hangova inapopamba moto. Kichwa kinagonga, kinywa kikavu, tumbo limechafuka, mwanga unachoma macho, na moyo umejaa wasiwasi usio na sababu. Watafiti wanaifafanua hangova hivyo hivyo, kwamba ni maudhi ya mwili na akili yanayoanza pale pombe katika damu inapokaribia sifuri. Huyu mtu hana sumu tena damuni, lakini ndiyo kwanza anaumwa. Kwa nini?

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni maji. Kweli, pombe huizuia homoni ya vasopresini, ile inayoyaambia mafigo yatunze maji, ndiyo maana mnywaji haachi kwenda msalani. Maji yatakuondolea kiu na ukavu wa kinywa. Lakini upungufu wa maji na hangova ni mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, na kutibu la kwanza hakuliponyi la pili. Kunywa maji, ila usiyadai kazi isiyo yake.

Mshukiwa mwingine ni asetaldehidi. Ini huivunja pombe kuwa asetaldehidi, kitu kikali chenye madhara, kisha huigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo ni afadhali. Wako watu wengi, hasa wenye asili ya Asia Mashariki, ambao kimeng'enya chao cha hatua ya pili ni dhaifu; wakinywa kidogo tu uso unawaka na moyo unaenda mbio. Zaidi ya hapo, kinga ya mwili nayo huamka. Saitokini, zile kemikali za uvimbe zinazokulaza ukiwa na mafua, hupanda pia wakati wa hangova. Binafsi naona njia hii ndiyo yenye matumaini zaidi, kwa sababu inaeleza ule uchovu na uzito wa akili ambao maji hayaugusi. Ongezeni na usingizi: pombe hukulaza upesi, kisha hukuvurugia nusu ya pili ya usiku.

Na aina ya kinywaji? Hapa kuna jaribio ninalolipenda. Mwaka 2010, Damaris Rohsenow wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwanywesha vijana wenye afya vodka au wiski ya bourbon, hadi pombe ikafika wastani wa asilimia 0.11, kisha wakawalaza maabara na kuwapima asubuhi. Bourbon ina vitu vya ziada vitokanavyo na uchachushaji mara 37 ya vodka; ndivyo vinavyoipa rangi, harufu na ladha. Waliokunywa bourbon waliamka wakijisikia vibaya zaidi. Lakini walipopewa majaribio ya umakini na wepesi wa kuitikia, waliokunywa vodka walikuwa wameharibika vilevile. Hebu lifikirieni hilo. Unavyojisikia na unavyofanya kazi ni vitu viwili, na mtu wa vodka anayejisifu kwamba yuko fiti amepima kimoja tu.

Ile hekaya ya bia kwanza au mvinyo kwanza nayo imeshapimwa. Wajerumani waliwapanga watu 90 kwa mipangilio tofauti, matokeo yakatoka 2019: mpangilio haukubadilisha kitu. Aliyelewa sana aliumwa sana. Basi.

Kisha kuna kuzimua, na msicheke, maana ina chembe ya sayansi. Vinywaji vingi vina methanoli kidogo. Ini hutumia kimeng'enya kilekile kwa methanoli na kwa pombe ya kawaida, nacho huitanguliza pombe. Pombe ikiisha, zamu ya methanoli inafika, na mazao yake ni formaldehidi na asidi ya fomiki. Ukinywa tena asubuhi, unairudisha methanoli kwenye foleni. Aliyezimua hajapona, ameahirisha tu, tena kwa riba.

Dawa za dukani je? Mwaka 2022 watafiti wa London walikusanya majaribio 21 yenye jumla ya watu 386. Ushahidi ulikuwa hafifu sana, na hakuna majaribio mawili yaliyopima dawa moja. Mengine yalipima wanaume watupu. Tahadhari moja ya kitabibu: parasetamoli juu ya pombe nyingi ni kulitwisha ini mzigo wa pili, na aspirini hulichokoza tumbo lililokwisha kuchokozeka.

Nimeacha ya barabarani na angani mwisho kwa makusudi. Joris Verster wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na wenzake waliwaendesha watu kilomita 100 kwenye mtambo wa kuigiza udereva, asubuhi baada ya kunywa, pombe damuni ikiwa sifuri. Gari liliyumba ndani ya njia yake kama la mtu mwenye zaidi ya asilimia 0.05, kiwango ambacho nchi nyingi humkamatia dereva. Polisi angempulizisha kipimo mtu huyu na kumruhusu aende zake.

Marubani nao: mwaka 1986, watafiti Yesavage na Leirer waliripoti juu ya marubani 10 wa jeshi la majini la Marekani waliokunywa hadi asilimia 0.10, kisha wakarusha ndege ya kuigiza saa 14 baadaye. Walirusha vibaya kuliko walipokuwa hawajanywa. Kanuni ya usafiri wa anga wa kiraia nchini humo inamtaka rubani akae saa 8 tu tangu kinywaji cha mwisho kabla ya kurusha ndege.

Karibuni kwa maswali.