Italia 1946: Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa

Hamjambo ndugu zangu wa Nyeri, wa Nairobi, wa Mombasa na popote mnaponitazama. Leo ni tarehe 2 Juni, sikukuu ya Jamhuri hapa Italia, nami nimesimama katika uwanja wa Nettuno, katikati ya mji wa Bologna, mbele ya ukuta ambao wengi wenu mmeniuliza habari zake kila unapoonekana nyuma yangu. Picha hizi ndogo mnazoziona, na majina haya yanayozidi 2,000, ni za wapiganaji wa upinzani, wanaume kwa wanawake, waliokufa wakipambana na mafashisti na jeshi la Wajerumani. Mahali hapa ndipo mafashisti walipokuwa wakiwapiga watu risasi hadharani, na mji ulipokombolewa tarehe 21 Aprili 1945, wenyeji walianza wenyewe kuja na picha za wapendwa wao na kuzibandika ukutani, bila kungoja amri ya serikali yoyote.

Ninachotaka kuwaeleza leo ni mwaka uliofuata, yaani 1946, kwa sababu tunapofundishwa Vita vya Pili vya Dunia shuleni kwetu, hadithi huishia pale bunduki zinaponyamaza, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba siku ya pili yake watu walirudi mashambani na maofisini kama kawaida. Hapa haikuwa hivyo. Madaraja yalikuwa yamelala mtoni, reli zimekatika, mkate ukitolewa kwa kadi ya mgawo, unga na maziwa vikiletwa na shirika la misaada la Umoja wa Mataifa, na mitaani watoto wakiwang'arishia viatu wanajeshi wa Marekani ili wapate cha kupeleka nyumbani. Uhai ulikuwa ukirudi kidogo kidogo. Tarehe 23 Aprili kampuni ya Piaggio, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, iliandikisha hataza ya pikipiki ya Vespa, hiyo hiyo ambayo ndugu zetu wa Zanzibar wameizoea tangu zamani; na tarehe 11 Mei jumba la muziki la La Scala mjini Milano, lililokuwa limebomolewa kwa mabomu, lilifunguliwa upya, orkestra ikiongozwa na Arturo Toscanini aliyekuwa amerejea kutoka Marekani.

Lakini swali lililotawala kila meza ya chakula lilikuwa la mfalme. Vittorio Emanuele III ndiye aliyemkabidhi Mussolini, kiongozi wa mafashisti, serikali mwaka 1922, ndiye aliyetia saini sheria za kuwabagua Wayahudi mwaka 1938, na ndiye aliyeukimbia mji wa Roma alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1943 akaelekea Brindisi, mara Italia ilipowaacha Wajerumani washirika wake na kusalimu amri, akiliacha jeshi lake bila maagizo, hata mamia ya maelfu ya askari wakakamatwa na Wajerumani na kupelekwa kambini. Mfalme huyo alijiuzulu tarehe 9 Mei 1946, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kura, akapanda meli kwenda Misri na kumwachia kiti mwanawe Umberto, ambaye Waitaliano humwita hadi leo mfalme wa Mei. Mfalme huyo mzee alitumaini kwamba sura mpya ingeuokoa ufalme, na nadhani kama angefanya hivyo miaka miwili mapema, huenda angefaulu.

Sasa, mama zangu na dada zangu, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Wanawake wa Italia walipewa haki ya kupiga kura kwa amri ya serikali ya Februari 1945, wakati kaskazini ya nchi bado iko chini ya Wajerumani, lakini amri hiyo ilinyamaza kabisa kuhusu haki yao ya kuchaguliwa, na ilibidi amri nyingine itolewe tarehe 10 Machi 1946 kuziba pengo hilo. Siku hiyo hiyo ndipo chaguzi za serikali za mitaa zilipoanza, na wanawake wakapiga kura kwa mara ya kwanza katika miji na vijiji. Tarehe 2 na 3 Juni nchi nzima ikaitwa kujibu swali moja, ufalme au jamhuri, na papo hapo kuchagua wajumbe wa Bunge la Katiba. Wapigakura 89 kati ya kila 100 walijitokeza, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa takriban milioni moja.

Mimi hapa Bologna kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mzee, ambaye mwaka huo alikuwa msichana wa miaka 10. Magazeti yalikuwa yamewaonya wanawake wasipake rangi ya mdomo siku ya kura, kwa kuwa karatasi ililazimu kulowanishwa kwa ulimi ukingoni ili ifungwe, na alama yoyote ya rangi ingeiharibu. Nilipomuuliza kama mama yake aliifuta, alinijibu kwamba rangi ya mdomo hawakuwa nayo, ila viatu vya maana pia hawakuwa navyo, na mama yake aliazima vya dada yake, vikubwa kidogo, akavijazia karatasi za gazeti sehemu ya vidole. Yeye aliachwa kwenye ngazi za shule iliyogeuzwa kituo cha kupigia kura, akaambiwa asisogee, na foleni ilizunguka jengo zima. Mama yake alipotoka alikuwa bado ameishika penseli, kwa kuwa alikuwa amesahau kuirudisha, na karani alimfuata mbio mpaka nje. Usiku ule mumewe alimuuliza amechagua nini, naye akajibu kwamba sheria inasema ni siri. Mzee wangu huyu anasema alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akimnyima baba yake jibu.

Karatasi yenyewe ilikuwa na alama mbili: kichwa cha mwanamke aliyevaa taji mfano wa ngome, hiyo ikiwa jamhuri, na ngao ya ukoo wa Savoia yenye taji juu yake, huo ukiwa ufalme. Jamhuri ilipata zaidi ya kura milioni 12.7 na ufalme milioni 10.7. Tofauti ya milioni mbili si ndogo, lakini ukitazama ramani utaona nchi imepasuka katikati: Trento, kaskazini, watu 85 kati ya 100 waliitaka jamhuri, na Napoli karibu 80 kati ya 100 walimtaka mfalme. Mahakama Kuu ilisoma matokeo tarehe 10 Juni bila kuyathibitisha rasmi, na siku ya pili yake huko Napoli umati wa wafuasi wa mfalme ulishambulia ofisi ya Chama cha Kikomunisti, polisi wakafyatua risasi na watu kadhaa wakafa. Kwa siku mbili tatu hakuna aliyejua kama nchi ingerudi vitani, safari hii ndugu kwa ndugu. Tarehe 13 Juni Umberto aliruka kwa ndege kwenda Ureno, akiilaumu serikali ya Waziri Mkuu Alcide De Gasperi kwamba imenyakua madaraka, lakini hakuwaita wafuasi wake kushika silaha. Hilo nampa heshima yake, ingawa ukoo wake siutetei. Hakuiona Italia tena mpaka alipofariki mwaka 1983.

Katika Bunge la Katiba walikaa wajumbe 556, na wanawake kati yao walikuwa 21. Idadi hiyo ni ndogo mno, lakini 5 miongoni mwao waliingia katika kamati ya watu 75 iliyoandika rasimu, na ni Lina Merlin, mwalimu aliyewahi kufungwa na mafashisti, aliyesimama kidete mpaka maneno "bila ubaguzi wa jinsia" yakaandikwa katika kifungu cha 3.

Kuna wengine ambao hawakuhesabiwa. Watu wa Bolzano, wa Trieste na wa maeneo ya mpakani hawakupiga kura, kwa sababu hatima ya ardhi yao ilikuwa bado mikononi mwa mataifa yaliyoshinda. Wafungwa wa kivita waliokuwa hawajarudishwa kwao hawakupiga kura pia, na baadhi yao, ndugu zangu, walikuwa kwetu. Mnakijua kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu kando ya barabara ya bondeni, kilichojengwa na wafungwa wa Kiitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara ile. Na pale Mathari, Nyeri, amelala Mtawala wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki na mtu wa ukoo huo huo wa Savoia, aliyefia kifungoni Nairobi mwaka 1942.

Halafu kuna jambo ambalo hunikaba kooni kila ninaposimama mbele ya ukuta huu. Tarehe 22 Juni 1946, jamhuri ikiwa na umri wa wiki chache, Waziri wa Sheria Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti, alitoa msamaha ulioyafuta makosa mengi ya mafashisti, isipokuwa mateso ya kikatili kupita kiasi. Nia yake ilikuwa kuituliza nchi. Majaji, ambao wengi wao walivaa majoho hayo hayo enzi za Mussolini, waliyatafsiri maneno "kupita kiasi" kwa namna ya kushangaza, na maelfu wakatoka gerezani. Fikiria mama aliyebandika hapa picha ya mwanawe, kisha anakutana sokoni na mtu aliyemtesa.

Na kwa mauaji yaliyofanywa na Waitaliano waliokuwa wameikalia Ethiopia, mjini Addis Ababa, Februari 1937, ambako raia walichinjwa mitaani na kuchomwa ndani ya nyumba zao, Italia haikumfikisha mtu yeyote mahakamani, wala mwaka 1946 wala baadaye. Agosti 1946 De Gasperi alisimama Paris mbele ya washindi kuitetea nchi yake, na serikali yake ilikuwa bado ikitumaini kubaki na makoloni ya Afrika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika. Alitoka Nyeri, akawapiga Waitaliano Somalia, akafika mpaka Gondar, Ethiopia, ngome yao ya mwisho iliyosalimu amri Novemba 1941. Mwanamke wa nchi iliyoshindwa alipiga kura Juni 1946 katika viatu vya kuazima. Mwafrika wa Kenya aliyekuwa upande wa ushindi alingoja hadi Machi 1957, na kwetu Nyeri, kwa sababu ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, Mkikuyu hakuruhusiwa kukaribia sanduku la kura mpaka aonyeshe cheti cha utiifu kwa serikali ya kikoloni. Babu alikuwa na medali mbili za vita. Cheti hicho hakupewa.