Mjane Atapewa Ufagio Gani?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Sisi watu wa Tanga vita tunavyo mlangoni. Novemba 1914 majeshi ya Mwingereza, wengi wao Wahindi, yaliteremka hapo Raskazone, yakarudishwa baharini na askari wa Mjerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Vita vikaisha 1918, Mjerumani akaondoka akidaiwa mishahara. Deni likalala hadi 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha askari waliobaki hai walipwe.

Wazee wakakusanyika Mwanza. Husimuliwa kwamba wenye vyeti walikuwa wachache mno. Basi mzee asiye na cheti akapewa ufagio, aubebe kama bunduki, akaamrishwa gwaride kwa Kijerumani. Hakukosea hata mmoja.

Watu hukipenda kisa hiki. Mimi kinanichoma. Mzee alikuwa na ushahidi mwilini mwake. Mjane wa aliyekufa je, yeye angepewa ufagio gani?

Babu yangu mzaa mama alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi Muheza na goti lisilokunjika. Jeshini karani alimwandika jina lake na la kijiji. Kwenye cheti cha ndoa lipo jina lake na la baba yake. Alipofariki, bibi alivichukua vyeti vyote viwili ndani ya bati la biskuti, akaenda ofisini kudai haki ya mumewe. Wakavisoma, wakamwambia, "Mama, huyu wa jeshini siye mumeo." Goti lile alilikanda kwa maji ya moto kila usiku, miaka na miaka, hata vidole vyake vikababuka. Vidole hakuna aliyeviangalia.

Na wapagazi wa vita vile vya 1914 ndio usiseme. Upande wa Mwingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawasifu kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao haina.

Mivutano ya wake wenza na ya mashemeji ipo, sikatai, na mahakama ya mirathi inaiweza. Ninachodai ni kwamba majina yakipishana, ofisi isimrudishe mama nyumbani. Imwite shehe au padri aliyefungisha ndoa, iwaulize majirani, ipokee kiapo chao.

Pale mlangoni kuna daftari. Mzee uliyepigana Kagera, kabla hujatoka andika jina la jeshini, jina la nyumbani, na la mkeo. Asiyeona vizuri, mjukuu wangu atamwandikia.